Miki Biasion: Dereva Aliyejua Kulifikisha Gari

(Hotuba kwa vijana wa ufundi wa magari na wapenzi wa mbio za magari, Nakuru)

Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, mafundi, madereva, waelekezi, na ninyi vijana mliosongamana huko nyuma hadi mlangoni, hamjambo?

Nashukuru kwa kualikwa. Kamati iliniomba nichague dereva mmoja wa kimataifa niwasimulie kazi yake. Nadhani wengi mlitarajia nimtaje Mfini. Wafini tunawapenda hapa na wana haki ya kupendwa. Au mlitarajia Colin McRae, ambaye hata mtoto aliyezaliwa baada ya kifo chake anamjua kupitia michezo ya kompyuta. Mimi nimemchagua Mwitaliano, Massimo Biasion, ambaye dunia nzima inamwita Miki. Nilipolitaja jina hilo kwenye mkutano wa maandalizi, vijana wawili walitazamana. Mzee mmoja akasema, "Ah, yule wa Lancia. Yule gari ndilo lilimshindia."

Maneno hayo ya mzee ndiyo yaliyonifanya niandike hotuba hii, kwa maana si yeye peke yake anayeyasema. Popote wapenzi wa mbio wanapokutana, hapa na hata huko Ulaya, jina la Biasion likitajwa kuna atakayesema kwamba Lancia Delta, gari lake la kiwanda cha Italia, ilikuwa bora kuliko magari mengine yote, na kwamba yeyote ambaye angekaa kwenye usukani ule angekuwa bingwa. Kwa heshima zote kwa mzee wangu, leo nimekuja kubisha. Na ushahidi wangu mkubwa sitauchukua Italia. Uko hapa hapa, kwenye barabara zetu.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Biasion alizaliwa tarehe 7 Januari 1958 Bassano del Grappa, mji wa kaskazini mashariki mwa Italia, pale ambapo tambarare inaishia na milima inaanza. Alianza kupata jina kwenye magari ya Opel, kwanza Kadett na baadaye Ascona 400. Toka siku za mwanzo alikuwa na mwelekezi mmoja, mtu wa kukaa kando ya dereva na kumsomea njia, Tiziano Siviero. Waelekezi mlioko hapa, lishikeni hilo jina, nitalirudia.

Mwaka 1983 alitwaa kwa pamoja ubingwa wa Italia na ubingwa wa Ulaya akiwa na Lancia 037, chini ya timu ya Jolly Club. Gari hilo lilisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, wakati Audi walikwisha kuleta Quattro inayosukuma magurudumu yote manne. Mwaka huo huo 037 iliipa Lancia ubingwa wa dunia wa watengenezaji, na tangu hapo hakuna gari la kusukuma magurudumu mawili lililoweza tena kufanya hivyo. Kwa hiyo mjue kwamba Biasion hakulelewa kwenye gari la kumsamehe makosa. Alijifunza kazi yake kwenye gari ambalo ukizidisha mafuta kidogo kwenye kona yenye unyevu, mkia unatangulia mbele.

Halafu yakaja mambo ambayo mtu anayesimulia habari za mashindano hupenda kuyaruka. Mimi siyaruki.

Kile kipindi cha magari ya Kundi B, katikati ya miaka ya 1980, kilikuwa kipindi cha kutisha. Sheria iliruhusu kiwanda kutengeneza magari 200 tu na kuyaingiza mashindanoni, basi wahandisi wakaunda vyombo vilivyokuwa roketi zenye namba za usajili. Lancia Delta S4 ilikuwa na turbo na supachaja kwa pamoja, injini imewekwa nyuma ya viti, matangi ya mafuta karibu na miili ya watu. Tarehe 2 Mei 1985, Attilio Bettega, Mwitaliano na dereva wa timu ile ile ya Lancia, alifariki katika mbio za Corsica. Mwaka uliofuata huko Ureno gari moja liliacha barabara likaingia katikati ya watazamaji, watu wakafa, na madereva wa timu za viwanda wakakataa kuendelea. Kisha tarehe 2 Mei 1986, tarehe ile ile aliyokufa Bettega, huko huko Corsica, Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto walitoka barabarani na Delta S4, gari likaporomoka bondeni na kuwaka moto. Wote wawili wakafa.

Biasion alikuwa dereva wa timu hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 28. Wenzake aliokula nao chakula cha jioni walizikwa, na yeye akatakiwa arudi kwenye kiti cha gari la aina ile ile. Alirudi. Mwezi wa nane mwaka huo, huko Argentina, alishinda mbio zake za kwanza za ubingwa wa dunia, akiwa ndani ya Delta S4. Sijui ni wangapi kati yetu tungeweza kufunga mkanda wa gari lile baada ya Corsica. Kwangu mimi, hata angeachia hapo, ningemheshimu.

Mwishoni mwa 1986 Kundi B likafungwa. Kuanzia 1987 ubingwa ukawa wa magari ya Kundi A, yaani gari lazima lizaliwe na gari la kawaida ambalo kiwanda kimetengeneza walau 5,000 kwa mwaka. Lancia walikuwa na Delta ndogo ya milango mitano, ambayo mama angeweza kwenda nayo sokoni. Waliipa injini ya lita 2 yenye turbo na magurudumu manne yanayosukuma, wakawakuta wenzao bado wanafunga viatu. Hapo mzee wangu ana haki: mwaka 1987 hakuna aliyekuwa na chombo kama kile.

Lakini tazameni mwaka huo ulikwendaje kwa Biasion. Alishinda Monte Carlo, Argentina na Sanremo. Ule ushindi wa Monte Carlo una doa, na doa lenyewe nalisema waziwazi. Juha Kankkunen, mwenzake wa timu, alikuwa mbele, wakubwa wa timu wakaamua nani ashinde, na Kankkunen akalazimika kupunguza mwendo mwishoni. Watu hawakusahau. Mwisho wa mwaka Kankkunen akawa bingwa kwa pointi 100, Biasion akawa wa pili kwa pointi 94, na Markku Alén wa tatu. Wote watatu walikuwa na Lancia. Yaani gari bora walikuwa nalo wote, na Biasion alishindwa. Mwenye kusema gari ndilo linaloshinda, na anieleze mwaka huo.

Sasa tuje nyumbani.

Vijana, Safari Rally mnayoijua ninyi ni ile ya Naivasha, mikondo mifupi iliyofungwa, magari yanarudi gereji ya timu jioni. Ni mashindano mazuri, na Fesh Fesh, lile vumbi laini lenye kina, inawatoa madereva jasho. Lakini Safari ya 1988 ilikuwa kitu kingine. Ilikuwa ya Pasaka, msimu wa mvua za masika. Ilikuwa maelfu ya kilomita. Iliteremka kuelekea Pwani, ikarudi, ikapanda nyanda za juu, ikakatiza Bonde la Ufa. Na barabara hazikufungwa! Dereva wa kiwanda akiwa anakwenda kilomita 180 kwa saa anakutana na matatu, anakutana na lori la mkaa, anakutana na mzee na ng'ombe wake wanne ambao hawana habari na ubingwa wa dunia. Ndiyo sababu timu kubwa zilikuwa na helikopta juu ya gari, mtu anatazama mbele na kumwambia dereva kwa redio kuna nini nyuma ya kilima. Hesabu yake ilikuwa rahisi na kali: umepewa muda wa kufika kituo fulani, ukichelewa dakika, dakika inaandikwa. Mwenye dakika chache za kuchelewa ndiye mshindi. Usipofika, hesabu yako imefungwa.

Barabara hizo zilikuwa zimewaaibisha wakubwa. Naomba mnisikilize hapa. Peugeot walikuja na 205 Turbo 16, gari lililotwaa ubingwa wa dunia mwaka 1985 na 1986. Halikushinda Safari hata mara moja. Audi Quattro, gari lililobadilisha mchezo mzima, lilikuja mara nyingi likarudi Ujerumani mikono mitupu, hadi Audi walipokuja na lile gari zito la 200 Quattro mwaka 1987 ndipo Hannu Mikkola akawashindia. Katika miaka hiyo waliokuwa wakishinda hapa ni Toyota, mwaka 1984, 1985 na 1986, na Celica ya magurudumu mawili ya kusukuma. Karibu kila mahali duniani gari la magurudumu manne lililipiga la mawili. Hapa la mawili ndilo lililofika.

Na Lancia wenyewe? Safari ilikuwa inawauma. Sandro Munari, dereva mkubwa kabisa wa Italia wakati wake, alikuwa wa tatu hapa mwaka 1974 na Fulvia, wa pili mwaka 1975 na Stratos, wa tatu tena mwaka 1977. Ile Stratos ilishinda Monte Carlo miaka mitatu mfululizo, ila Kenya haikuipa. Cesare Fiorio, mkuu wa timu, alikuwa ameshinda karibu kila kitu anachoweza kushinda mtu wa rali. Safari hakuwa nayo.

Mwezi wa tatu 1988 Lancia wakatoa gari jipya, Delta Integrale. Ile ya 1987 ilikuwa na tatizo ambalo mafundi mtalielewa mara moja: madiga yake yalikuwa finyu, huwezi kuweka tairi kubwa wala kuipa springi nafasi ya kutosha kucheza. Integrale ikatanuliwa mabega, ikapata magurudumu makubwa zaidi na breki kubwa zaidi. Iliingia kwa mara ya kwanza Ureno, Biasion akashinda. Mbio zilizofuata kwenye kalenda ya gari hilo? Safari.

Fikirieni hapo. Gari limeshindana mara moja tu maishani mwake, Ulaya. Sasa linafungwa chuma mbele kuzuia ng'ombe na mawe, linapandishiwa bomba la kuvutia hewa hadi usawa wa paa ili lisinywe maji mtoni, linaongezwa taa, linaongezwa matairi ya akiba, linaongezwa uzito kila mahali, halafu linapewa dereva Mwitaliano aliyekulia kwenye lami na milima ya Ulaya. Dhidi yake wapo Wasweden na Wafini walioshinda hapa tayari, na wapo wenyeji. Na wenyeji wetu, ndugu zangu, hawakuwa watu wa kupuuzwa. Joginder Singh alikwisha kushinda Safari mara tatu, Shekhar Mehta mara tano. Mwaka huo 1988 Mkenya aliyekuwa na njaa zaidi ni Mike Kirkland, akiwa na Nissan 200SX ya magurudumu mawili ya kusukuma, gari la aina ile ile ambayo karibu miaka yote ilikuwa inashinda hapa.

Biasion akashinda. Kirkland akawa wa pili, Per Eklund wa tatu na Nissan nyingine. Mwitaliano wa kwanza kushinda Safari, na Lancia ya kwanza.

Mtu atasema, bahati. Basi mwaka 1989 akarudi, akashinda tena. Na wa pili akawa nani? Kirkland yule yule, Nissan ile ile. Hadi leo, katika mbio za ubingwa wa dunia, hakuna Mwitaliano mwingine aliyeishinda Safari. Biasion peke yake, mara mbili, mfululizo.

Nimewaza sana alifanyaje, na niwaambie ninavyoelewa mimi kama mtu aliyetumia utu uzima wake chini ya magari. Kwenye barabara zetu gari halivunjiki pale dereva anapokwenda kasi. Linavunjika kwenye nusu sekunde kabla ya shimo. Chukulieni korongo dogo limekatiza barabara ya vumbi, umeliona umechelewa. Dereva mwoga anakanyaga breki hadi ndani ya korongo. Ukiwa umekanyaga breki, uzito wote umekwenda mbele, pua ya gari imeinama, springi za mbele zimekwisha kubonyea, shokomzoba haina tena nafasi ya kucheza. Ukigonga hivyo, pigo lote linakwenda kwenye bodi. Hapo ndipo sahani ya shokomzoba inapasuka, mkono wa chini unapinda, rejeta inasukumwa nyuma. Dereva anayejua anakanyaga breki kwa nguvu mapema, halafu mita chache kabla ya korongo anaiachia. Pua inanyanyuka, springi zinajinyoosha, na gari linaingia shimoni likiwa na miguu mirefu. Kuiachia breki wakati macho yanaona shimo ni jambo ambalo mwili wote unakataa. Na kwenye Safari ya zamani ulitakiwa ulifanye mamia ya mara kwa siku, usiku na mchana, umechoka, kwenye vumbi la gari lililotangulia.

Kisha kuna tope jeusi. Wa Nakuru hamhitaji kufundishwa. Kwenye tope lile gari la magurudumu manne linakudanganya: linavuta vizuri sana, unajiona mfalme, unaongeza mafuta, na huku chini difu na klachi zinaungua kimya kimya. Nguvu nyingi kwenye udongo mzito inatafuta mahali pa kutokea, na mahali penyewe ni palipo dhaifu. Nadhani hapo ndipo magari mengi yenye nguvu yalipoishia miaka ile. Dereva aliyefika alikuwa yule aliyesikia kwa miguu na makalio yake kwamba chombo kinaumia, akapunguza kabla fundi hajaitwa.

Halafu tazameni mahali alikoshinda kwa jumla. Biasion alishinda mbio 17 za ubingwa wa dunia. Argentina mara 3, Ureno mara 3, Acropolis ya Ugiriki mara 3, Sanremo kwao mara 3, Monte Carlo mara 2, Safari mara 2, na Olympus ya Marekani mara 1. Mnaiona picha? Toeni Sanremo, toeni Monte Carlo. Argentina, Ugiriki na Kenya peke yake ni 8, karibu nusu. Acropolis ni joto na mawe, barabara ambazo mwamba umechomoza juu kama meno. Argentina ni mito na vumbi. Ni zile mbio ambazo mafundi hawalali, ambapo nusu ya magari hayarudi.

Na kule ambako hakushinda pia kunasema kitu. Hakushinda Finland kamwe. Hakushinda Sweden kwenye theluji, wala Corsica. Finland ni barabara laini, ya mchanga mgumu, gari linaruka vilima na kutua bila kuvunjika, na anayeshinda ni mwenye moyo wa kukanyaga mafuta hajui ng'ambo ya kilima kuna nini. Huko Wafini walimzidi, na simtetei. Ninachokataa ni watu kuchukua kipimo cha Finland wakakifanya kipimo cha udereva wote duniani. Kama gari ndilo lililokuwa likishinda, mbona Delta ile ile haikumshindia Finland? Jibu ni kwamba dereva alikuwemo ndani, na uwezo wake na upungufu wake wote ulionekana.

Mwaka 1988 alitwaa ubingwa wa dunia kwa pointi 115, Alén wa pili kwa 86. Mwaka 1989 akatwaa tena kwa pointi 106, na wa pili, Alex Fiorio, alikuwa na 65. Mwitaliano wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa madereva wa rali tangu ubingwa huo uanze mwaka 1979. Kabla yake ni Kankkunen peke yake aliyekuwa ametetea taji hilo akafanikiwa. Mwishoni mwa 1989 Lancia walileta Integrale ya vali 16, wakaipaka rangi nyekundu badala ya nyeupe iliyozoeleka, na Biasion akaishindia Sanremo mbele ya watu wake.

Waelekezi, niliwaahidi. Katika mbio zote hizo 17, mtu wa kiti cha kulia alikuwa Tiziano Siviero. Kuanzia Opel hadi mwisho. Madereva wengine hubadilisha mwelekezi kama mtu anavyobadilisha shati. Wakishindwa wanamlaumu aliyesoma noti. Hawa wawili walikaa. Na kwenye Safari ya zamani kazi ya mwelekezi ilikuwa nzito kuliko mahali pengine popote. Noti za maelfu ya kilomita, saa za vituo, redio ya helikopta inazungumza sikio moja huku dereva anauliza sikio la pili, na mvua ikinyesha usiku kucha noti ulizoandika kwenye jua hazina tena maana: kona uliyoiandika kuwa ya kasi imekuwa ziwa. Lazima umwambie dereva kwa sauti tulivu apunguze, na lazima akuamini mara moja bila kubishana. Imani hiyo hainunuliwi. Nasikitika kwamba kwenye vibao vyetu vya matokeo, hata vya mbio zetu za hapa, bado jina la mwelekezi linaandikwa kwa herufi ndogo au linaachwa kabisa. Waandaaji mlioko hapa, hilo mnaweza kulirekebisha kwenye mashindano yajayo, haligharimu shilingi.

Baada ya 1989 upepo ukageuka. Mwaka 1990 alishinda Ureno na Argentina, lakini Carlos Sainz na Toyota Celica walikuwa wamefika, na ubingwa ukaenda Hispania. Mwaka 1991 hakushinda hata mbio moja. Hapo wabishi wakapata nguvu: mnaona, gari limekamatwa, naye amekwisha.

Mwaka 1992 akaondoka Lancia, timu aliyokuwa nayo karibu miaka kumi, akaenda Ford. Kwanza Sierra Cosworth, gari refu lisilopenda kona za milimani. Mwaka 1993 Ford wakaleta Escort RS Cosworth, na katika timu hiyo nyota ilikuwa Mfaransa François Delecour. Biasion hakuwa tena kijana wa kupigiwa tarumbeta. Mwezi wa tano wakaenda Ugiriki, Acropolis, joto na mawe. Na Biasion akashinda. Gari jingine, kiwanda kingine, injini nyingine, mafundi wengine. Aliyebaki vile vile ni yeye na Siviero, na barabara ya kuvunja magari. Ulikuwa ushindi wake wa 17 na wa mwisho. Mzee wangu, huo ndio ushahidi wangu wa pili, baada ya Safari. Ugiriki mwaka huo hakuwa na Delta ya kumbeba.

Miaka michache iliyofuata sitaichambua sana. Hakushinda tena, akaacha ubingwa wa rali. Lakini angalieni alikokwenda baada ya hapo, maana mtu aliyestaafu huonyesha anachokipenda kweli. Hakwenda kwenye mbio za mzunguko, kwenye lami safi na wageni wenye suti. Alipanda lori. Alichukua Iveco, akaenda nalo kwenye mbio za nyika na majangwa, na mwaka 1998 na 1999 akawa bingwa wa malori katika mashindano hayo. Bingwa wa dunia mara mbili wa magari madogo, anaendesha lori mchangani! Na mwaka 2007 alishiriki Dakar, zile mbio za kutoka Lisbon hadi Senegal, na Fiat Panda. Panda, gari dogo kama zile mnazoziona zinaegeshwa hapo nje. Halikufika mwisho, na sikutarajia lifike. Lakini mtu anayekubali kwenda Sahara na Panda akiwa na umri wa miaka 49 ni mtu anayependa kulipeleka gari mahali ambako halikuumbwa kwenda.

Ndiyo maana nilimchagua yeye mbele yenu ninyi hasa. Wengi wenu hamtapata gari la kiwanda. Mtapata Subaru ya mkono wa tatu, au Mitsubishi Evo iliyokwisha kupinda mara mbili, na bajeti ya matairi manne wakati mbio zinahitaji kumi. Dereva wenu akilala mtaroni kwenye kona ya kwanza, mmepoteza mwaka mzima wa michango. Kwa hali hiyo, dereva wa kusoma ni Biasion. Tafuteni picha zake za video za 1988 na 1989, zipo nyingi. Msiangalie mahali anapokwenda kasi. Angalieni pua ya gari mita tano kabla ya kila shimo, kama imeinama au imenyanyuka. Mkiangalia nusu saa tu mtaanza kuona alichokuwa anafanya mguu wake.

Mzee wangu wa "gari ndilo lilimshindia" bado ananitazama kwa macho ya kutoridhika, na ana haki ya kunijibu. Tutaendelea kubishana kwenye chai. Kabla ya chai lakini, pale kwenye meza ya pembeni wenzenu wa karakana wameweka shokomzoba mbili za mbele zilizotoka kwenye gari moja la mbio za mwezi uliopita. Moja imepasuka sahani ya juu, nyingine nzima. Gari moja, siku moja, barabara moja. Nendeni mzishike, mwangalie pigo liliingilia wapi, kisha mje mniambie gurudumu lipi liliingia shimoni na breki imekanyagwa. Dereva wake yupo hapa ukumbini, amekubali kuulizwa maswali. Karibuni.